Sehemu ya Watu Wawili

Tarehe 3, Jumanne

Sasa hivi Chiriku ametumbukiza punje za mbegu ndani ya kiatu cha babu yake, moja moja, huku akihesabu "moja, moja, moja," kisha akakifunika kwa kitambaa na kukipigapiga kama anakibembeleza kilale. Ana mwaka mmoja na nusu na tayari anapanda. Nimecheka hadi machozi, halafu nimezitoa mbio kabla Baba mkwe hajatia mguu.

Daftari hili si langu. Baba mkwe amelinunua kwa kazi moja. Mpimaji wa ardhi anakuja msimu huu, na kila nyumba inatakiwa iwe na historia ya shamba lake kwa maandishi: nani alikuja, alitoka wapi, alifyeka nini. Mimi niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu unasomeka, basi nimepewa mimi. Historia nitaiandika kwa mbele. Huku nyuma nitaandika yangu. Mume wangu yuko kiwanda cha mbao, anarudi Jumamosi tu, na akirudi masikio yake yameshalala kabla yake.

Shamba lina sehemu mbili. Ya juu ndiyo yenye nyumba hii. Ya chini tumeahidiwa mimi na mume wangu tujenge, chumba kimoja kwanza, na jiko lenye dirisha. Miaka miwili napika kwenye moshi wa watu. Historia ikikubaliwa, mpimaji ataiandika sehemu ya chini kuwa ni ya nyumba hii, nasi tutapewa. Isipokubaliwa sijui. Kwa hiyo naandika polepole, herufi zisipandane.

Tarehe 5, Alhamisi

Tumepanda sehemu ya juu. Mgongo si wangu.

Tarehe 9, Jumatatu

Leo nimekaa na Bibi. Yeye ni mama wa Baba mkwe, na ndiye aliyekuja hapa kutoka ng'ambo ya mto mkubwa, wakati hapa pote ni msitu. Ananiita mke mwenzangu, kwa sababu nimempora mume wake, yaani mjukuu wake.

"Andika, mke mwenzangu. Kwetu mashamba yaligawanywa yakagawanywa tena, mpaka la kwetu likawa ukubwa wa mkeka. Ukigeuka usingizini umeingia kwa jirani. Tukasikia ng'ambo ya mto wanagawa msitu kwa atakayeweza kuufyeka."

"Mlikuja wangapi, Bibi?"

"Mimi, na baba mkwe wako mgongoni."

"Na Babu?"

Bibi aliangalia mlangoni. Wifi alikuwa amesimama pale na ungo mkononi. Sikumsikia akija, na yeye huwa unamsikia, maana funguo za stoo anazifunga kiunoni, akitembea ni kama ng'ombe mwenye kengele. Leo alikuwa amezishika zisilie.

"Na Babu," Wifi akasema. "Andika: na Babu."

"Nimemwuliza Bibi."

"Na Babu," Bibi akasema, akaomba maji, na hakukuwa na historia tena.

Kwa nini alizishika funguo?

Tarehe 10, Jumanne

Leo ni siku ya mawe. Kabla ya kupanda sehemu ya chini, kila mtu wa nyumba hii anaokota jiwe shambani na kuliweka kwenye kaburi la Babu, lililo katikati ya sehemu hiyo. Baba mkwe analipaka chokaa, anavua kofia, anasimama kidogo. Nililetwa hapa bi harusi nikaambiwa weka jiwe, nikaweka. Mwaka jana pia. Sikuwahi kulitazama.

Leo nimelitazama. Lile kaburi ni la duara. Mimi makaburi nimeyaona, kwetu na kwingine, na sijaona mtu aliyezikwa amekunjwa kama kamba. Tena pale chini, chokaa ilipobanduka, katikati ya mawe pametokeza kisiki kilichooza, mizizi juu. Nani anamzika mume wake na kisiki?

Nimemtazama Bibi. Hakuweka jiwe. Alikuwa anamtazama mwanawe tu, jinsi anavyopitisha brashi.

Tarehe 14, Jumamosi

Mume wangu amekuja. Nimemwambia habari ya duara.

"Sasa wewe umeanza kuyapima makaburi," akasema. "Mwachie mpimaji kazi yake. Chai ipo?"

Chai ilikuwepo.

Tarehe 17, Jumanne

Mvua ya kwanza ya maana. Tumeshukuru wote.

Lakini leo mchana nilikuwa naanika nepi chini ya upenu, mwuza mbegu akapita njiani akipiga kelele. Kutoka chumbani kwa Bibi nikasikia kikohozi cha mwanaume. Kizito, cha mtu mwenye kifua. Baba mkwe alikuwa shambani, namwona kabisa kwa macho yangu. Mume wangu yuko kiwandani. Ni mwanaume gani yuko chumbani kwa mwanamke wa miaka themanini na zaidi?

Kisha Wifi akatoka humo na bakuli tupu.

Wifi amerudi nyumbani miaka miwili sasa, ndoa imemshinda au yeye ameishinda, hasemi. Sitaki kumzulia mtu. Lakini lisemwalo lipo, na lisilosemwa lipo zaidi.

Tarehe 21, Jumamosi

Nimepata kisingizio cha kufagia chumba cha Bibi. Nimefagia hadi chini ya kitanda. Hakuna mtu, hakuna kiatu, hakuna harufu ya tumbaku. Dirisha lake hapiti hata paka aliyeshiba.

"Umepoteza nini, mke mwenzangu?" Bibi akauliza.

"Vumbi, Bibi."

"Basi umelipata," akasema, akacheka peke yake.

Tarehe 28, Jumamosi

Mahindi yametoka, mistari imenyooka kama ya daftari. Chiriku anayasalimia moja moja.

Asubuhi, kabla ya chai, nimemwona Bibi anatembea ukingoni mwa sehemu ya chini na fimbo yake, midomo inacheza. Ananong'ona kwa lugha ya kwao, ile asiyoitumia na sisi. Anafika kwenye mfereji, anageuka, ananong'ona tena. Nikasema anatusomea, anaifunga hii ardhi tusijenge. Nikamfungia Chiriku uzi mwekundu mkononi, halafu nikaona haya nikaufungua.

Tarehe 30, Jumatatu

Historia tena. Leo Bibi amesema Babu alikufa kwa homa. Ile Ijumaa iliyopita aliniambia, na nimeandika, ukurasa wa tatu, kwamba mti ulimwangukia. Nikamsomea.

"Mti ulimwangukia akiwa na homa," akasema.

Nikamtazama. Akanitazama. Mtu aliyefiwa na mume hasahau alivyofiwa. Mimi paka wangu wa utotoni namkumbuka alivyokufa na siku yake.

Tarehe 1, Jumanne

Chiriku ameota jino la juu. Mvua.

Tarehe 4, Ijumaa

Sasa nimeelewa, au nadhani nimeelewa. Babu alikuwa na mke mwingine, na watoto wengine, na sehemu ya chini ni yao. Bibi na Wifi wanajua. Wanangoja mpimaji aje, watamtoa huyo mtu, sisi tubaki kwenye moshi. Ndiyo maana historia haikai sawa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaenda kwa Baba mkwe, alikuwa ananoa majembe. Nikamwuliza anakumbuka nini juu ya baba yake, eti kwa ajili ya daftari. Uso wake ulifunguka kama mlango. Akaweka tupa chini.

"Sura yake siikumbuki, binti. Nilikuwa mdogo kama huyu wako. Lakini sauti yake! Nzito. Jioni mama akinilaza, namsikia nyuma ya ukuta anakohoa, anasema, 'Nani huyo anapita?' Basi nalala. Mtoto anayesikia sauti ya baba nyuma ya ukuta analala. Andika hiyo."

Nimeiandika. Ndiyo sentensi nzuri kuliko zote katika ile historia. Huyu mzee, kama kuna hila, hayumo.

Tarehe 8, Jumanne

Palizi. Magugu yana baraka kuliko mahindi.

Tarehe 12, Jumamosi

Leo nimetamani ardhi ipasuke. Nilitoka kumwogesha mtoto, nikarudi, nimkute nani amekaa kwenye kiti changu na daftari limegeuzwa? Wifi. Anasoma huku nyuma, kidole kiko kwenye mstari.

"Ng'ombe mwenye kengele," akasoma kwa sauti.

Akajigusa kiunoni, penye funguo.

"Mimi."

"Wifi, ni maneno tu."

"Na mwanaume chumbani kwa Bibi, nimemficha mimi. Wewe una kipaji. Huyo mwanaume niliyemficha ana kazi? Maana kama ana kazi nionyeshe na mimi, nimechoka kukaa kwa baba."

Nilitaka kucheka, nikaogopa. Yeye hakucheka. Akalifunga daftari, akaliweka mikononi mwangu, akanong'ona kwa karibu hadi nikasikia pumzi yake.

"Sikiliza. Andika Babu alikuja, Babu alifyeka, Babu alikufa kwa homa. Basi. Usichimbe. Wewe unalinda jiko lako, mimi namlinda baba yangu."

"Unamlinda na nini?"

"Na mwandiko wako," akasema, akaondoka, safari hii funguo zikilia.

Tarehe 13, Jumapili

Sijalala vizuri. Sasa simwogopi Wifi kwa namna ile ya kwanza, namwogopa kwa namna nyingine. Alipokuwa ananong'ona jana macho yake yalikuwa na machozi. Mwizi wa ardhi halii. Au analia?

Tarehe 16, Jumatano

Mikono yangu ina wino na udongo, na naandika hata hivyo, kwa sababu nisipoandika leo nitakuja kudhani niliota.

Mpimaji amekuja asubuhi na mkanda wake, vigingi, na boksi la wino. Si mtu mbaya. Ana mafua na anataka kumaliza. Mume wangu alikuwa ameomba ruhusa ya siku moja. Tukashuka wote sehemu ya chini, Bibi kwenye kiti alichobebewa, Chiriku mabegani kwa baba yake. Mpimaji akapima, akaniambia nisome. Nikasoma kurasa tano bila kukwama. Nilipofika pale pa sauti nyuma ya ukuta, Baba mkwe aligeuka akatazama mahindi.

"Vizuri," mpimaji akasema. "Na hili ndilo kaburi lake? Linaingia kwenye ramani. Sasa sahihi. Bibi, lete dole."

Akafungua boksi la wino. Bibi akauweka mkono wake chini ya kanga.

"Bibi, ni wino tu, unatoka kwa sabuni."

"Sitii dole," Bibi akasema.

Wifi akapiga magoti kando yake. "Bibi, tafadhali. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana ninyamaze. Nimenyamaza. Uongo niliusema kwa mdomo, siku moja, nikiwa na njaa. Huo naujibu mwenyewe. Lakini huu umeandikwa, na umeandikwa vizuri, mke mwenzangu anaandika vizuri mno, mpaka mwenyewe nimeanza kumpenda huyo mwanaume. Sitii dole langu hapo. Yatoeni hayo mawe. Hamna mtu humo."



"Mama," Baba mkwe akasema, "jua limekupiga."

"Kaa chini, mwanangu."

Hakukaa. Basi Bibi akasema naye akiwa amesimama, na naandika alivyosema, safari hii bila kupamba. Walifika mtoni watatu, yeye, mumewe, na mtoto mgongoni. Mumewe akaingia majini hadi magotini, akasema maji ni baridi, akarudi. "Hivyo tu. Hakuniaga hata kwa ugomvi. Ningekuwa na ugomvi ningekuwa na cha kukumbuka." Yeye akavuka. Ng'ambo kulikuwa na karani mwenye orodha, anagawa msitu kwa vichwa, kila mtu mzima sehemu moja, na mwanamke asiye na mume hapewi kitu. Akamwuliza, mume wako yuko wapi? Akajibu, anakuja na mizigo. Akaandikiwa sehemu mbili. Sharti lilikuwa, msimu ukiisha wanakuja kukagua, na ambayo haijafyekwa wanaichukua.

"Nikafyeka ya juu ikiwa yangu. Kisha nikafyeka ya chini ikiwa yake. Asubuhi mimi, mchana yeye. Mawe na visiki nikavirundika katikati, pale. Kila siku napima kwa hatua nijue imebaki kiasi gani, na mpaka leo miguu yangu haijaacha."

Nikakumbuka ule unong'onaji wa ukingoni. Alikuwa anahesabu. Na mimi nikamfunga mtoto uzi!

"Wakaguzi wakaja. Wakasema shamba safi, mume yuko wapi tumpe mkono? Nikawa nimekaa juu ya lile rundo nimechoka. Nikainuka, nikalionyesha kwa kidole. Wakavua kofia. Wewe ulikuwa umesimama pale, mwanangu, ukaona watu wakubwa wanavua kofia, na kesho yake ukaokota jiwe ukaliweka. Mtoto wa miaka mitatu. Ningekuambia nini? Nikasema nitamwambia akikua. Ukakua unapaka chokaa."

"Mama, mimi nilimsikia," Baba mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Nyuma ya ukuta. Nilimsikia."

Bibi akafumba macho. Kisha akatoa kifuani, sijui kutoka wapi, kile kikohozi. Na sauti ya mwanaume, nzito, iliyopasuka kidogo kwa uzee: "Nani huyo anapita?"

Chiriku akageuka mabegani kwa baba yake kumtafuta huyo babu.

"Tulikuwa peke yetu msituni," Bibi akasema kwa sauti yake. "Wapita njia walipaswa kujua kuna mwanaume ndani. Nimefanya hivyo mpaka imenizoea. Mwuza mbegu akipita nakohoa bila kujijua. Mjukuu wangu huyu alinifuma mwaka jana nikiumwa, nikamwapisha."

Baba mkwe akaondoka. Hakukimbia, alitembea tu katikati ya mistari, akikanyaga mahindi, yeye ambaye hutufokea tukikanyaga jani moja.

Mpimaji akapenga kamasi muda mrefu. Kisha akasema, na nimeyashika maneno yake neno kwa neno: orodha za zamani hazitumiki tena, anayetambuliwa ni aliyelima. "Mimi sijali nani alirudi mtoni. Nataka hadithi moja, na sahihi za watu wazima wote wa nyumba hii. Ijumaa ya wiki ijayo nitapita mara ya mwisho. Mmoja akikataa, sehemu ya chini naiandika ya mgogoro, na ya mgogoro hailimwi wala haijengwi."

Mtu mmoja tu ndiye atakayekataa. Na nani atamlaumu?

Nimemwomba Wifi msamaha jikoni. Amesema, "Nikatie vitunguu." Nimekata.

Tarehe 19, Jumamosi

Siku ya tatu Baba mkwe hasemi na mtu. Anakula peke yake, mlango umefungwa. Leo ameshuka chini akaanza kuyatoa mawe kwa mikono, moja moja. Mume wangu alitaka kumsaidia, akamtazama tu, mume wangu akarudi. Alasiri nilimpelekea maji. Alikuwa amefika kwenye udongo. Ulikuwa mgumu, wa tangu dunia, haujawahi kuguswa na jembe. Alikuwa ameuwekea kiganja, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

"Sijui nikuite nini, Baba, nikufariji," nikasema. Ni maneno ya kijinga lakini ndiyo yaliyotoka.

Akachukua maji. Hakunywa.

Nilipokuwa narudi nilijikuta nafikiria: akiipeleka hasira yake kwa mpimaji, sisi tumekwisha. Halafu nikajichukia. Mtu amepoteza baba, mimi nahesabu madirisha.

Tarehe 22, Jumanne

Hakuna neno. Mahindi aliyoyakanyaga nimeyainua na kuyashindilia udongo. Mengine yatashika.

Tarehe 23, Jumatano

Nimeandika historia mbili, kila moja kwenye karatasi yake. Moja yenye Babu, ile nzuri. Nyingine ya Bibi, fupi, haina mapambo. Bibi hatatia dole kwenye ya kwanza. Baba mkwe hatatia sahihi kwenye ya pili. Mume wangu ametuma ujumbe anauliza kama mzee amesema chochote. Nimejibu: hapana. Yeye mwenyewe kwa nini hamwulizi? Kila mtu katika nyumba hii ananyatia nyuma ya mwingine.

Jioni Baba mkwe alipita jikoni, akasimama. Nikadhani anataka chakula.

"Ile sauti," akasema. "Mama alikuwa na umri gani?"

"Anasema ishirini na miwili, Baba."

"Wewe una mingapi?"

"Ishirini na mitatu."

Akanitazama, nimembeba Chiriku ubavuni, nimeshika mwiko, moshi umenijaa machoni. Alinitazama kama haijawahi kumpitia akilini kwamba niko pale. Akatoka. Sijui ndiyo nini. Huenda ni hasira tu imebadili nguo.

Tarehe 25, Ijumaa

Mpimaji amefika, wamekaa nje kwenye benchi. Mimi nimejifungia humu na karatasi zangu mbili, nasikiliza na kuchungulia dirishani. Bibi ameshatia dole kwenye wino kabla hajaambiwa, amelinyoosha juu, hagusi kitu. Mume wangu anazungumzia mvua. Baba mkwe amekaa mwisho wa benchi na hajafungua mdomo tangu asubuhi, na mpimaji ameshatoa ile kalamu nyekundu, nimeiona, ndiyo ya kuandikia mgogoro, na mimi sina la kufanya ila kuandika huku nyuma kama mwendawazimu kwamba hata akikataa sitamsema vibaya, sitamsema, hata tukae kwenye moshi miaka

Baba mkwe anaita. "Mama Chiriku! Lete ile ya mama yangu. Ile ya kweli. Na kalamu, nitie sahihi, mgeni asije akalala hapa!"

Chiriku anakimbia mbele yangu. Wifi yuko mlangoni, anasema acha kuandika wewe mwanamke, twende, na mimi namwambia ngoja, Wifi, ngoja tu nimalize hapa kwamba leo